Mwaka wa Mboga Bila Krimu

Mama mkwe wangu alipofariki mwezi uliopita, aliacha maagizo mawili ambayo hakuyaandika popote. La kwanza, asivishwe viatu. La pili, siku ya kumzika mboga zipikwe kwa krimu, krimu ya kweli iliyoenguliwa juu ya maziwa, na mtu wa kuitia awe Wambui. Wambui ni mimi. Wifi yangu Jerono ndiye aliyenipigia simu kutoka Ainabkoi kunieleza. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia, lakini hata hivyo alishindwa kuficha wivu. "Sasa wewe utuambie," alisema. "Sisi mabinti zake tuko hapa, na hii mboga tumepika tangu tukiwa wadogo. Kwa nini wewe?" Nilimjibu kwamba sijui. Nilijua vizuri sana. Niliweka simu mezani, nikaenda jikoni, nikafungua friji na kusimama mbele yake bila kutaka kitu chochote ndani, na hapo ndipo machozi yaliponikuta. Kuna mwaka mmoja ambao tuliujua watu wawili tu, yeye na mimi. Sasa nimebaki nao peke yangu, na mimi si mtu wa kukaa kimya na kitu muda mrefu, ingawa mwaka huo nilikaa kimya pale ambapo nilipaswa kusema.

Nilikuwa nimeolewa miezi saba. Mume wangu, Kiprono, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Soy. Jumatatu aliondoka kabla jua halijatoka na Ijumaa jioni alirudi na mkoba wa madaftari ya kusahihisha. Tulikuwa tumepanga nyumba ya vyumba viwili hapa Eldoret, nyuma ya mashine ya kusaga unga, na kati ya chumba na chumba palikuwa na ukuta wa plaiwudi ambao haukufika juu. Mtu akigeuka kitandani upande huu, wa upande ule alijua amegeukia wapi. Jiko la makaa lilikaa barazani. Stovu ya mafuta ya taa ilikaa ndani, kwenye kona, pamoja na sufuria tatu, karai moja, na rafu niliyoipamba kwa karatasi za gazeti nilizozikata kingo zake kwa makasi. Niliipenda nyumba hiyo kuliko nilivyoipenda nyumba nyingine yoyote baadaye, hata hizi zenye bomba la maji ya moto. Ndipo Januari, mavuno yakiwa yamekwisha, Mama akaletwa. Alikuja mbele kwenye lori lililokuwa likipeleka mahindi mjini, na wanaume watatu walimsaidia kushuka, mmoja kila upande na wa tatu akishikilia goti lake lisipinde. Alisimama mlangoni akihema, akaitazama kona yangu ya mapishi kwa muda, kisha akauliza, "Sufuria ni hizi tu?"

Goti lilikuwa limeharibika. Daktari wa mifupa alikuwa amekubali kumpasua, lakini si kwa uzito ule. Alimtaka afike kilo tisini kwanza, na Mama alikuwa na kilo mia moja na kumi. Siku tuliyokwenda kuambiwa hayo, nesi alimpa karatasi yenye picha za vyakula na akaanza kumfundisha habari za kalori, kwamba kijiko kimoja cha mafuta kina kalori nyingi kuliko sahani nzima ya mboga za majani. Mama alisikiliza kwa heshima yote mpaka nesi akamaliza, kisha akanigeukia mimi. "Tisini si ni gunia moja?" Nikamwambia ndiyo, gunia moja la mahindi. "Basi aseme hivyo. Mimi ni gunia moja na gorogoro kumi. Hiyo gorogoro kumi ndiyo hataki." Gorogoro ni ule mkebe wa kilo mbili ambao kila mama wa sokoni anapimia nafaka, na tangu siku hiyo hatukutaja kilo tena nyumbani kwetu. Njiani kurudi aliniambia kile alichokuwa anakitaka hasa, ambacho hakuwa amemwambia daktari. Tangu aolewe, kila msimu wa kupanda, mstari wa kwanza wa shamba lao la Ainabkoi aliupanda yeye mwenyewe, bila viatu, kabla mtu mwingine hajaingia shambani. Msimu uliokuwa unakuja alikuwa ameshaukosa. "Ule mwingine," alisema, "lazima nipande na miguu yangu."

Mimi nilizaliwa nyuma ya kaunta ya duka. Watu wa kwetu walikuja huku kutoka Mkoa wa Kati kuuza sukari na chumvi, na kabla sijajua kusoma nilijua kupima. Kwa hiyo kazi hiyo niliipokea kwa ari ambayo kila mtu aliisifu. Kiprono aliniambia nina moyo wa pekee. Ukweli ni kwamba nilitaka Mama aende kwake. Nilikuwa bibi arusi wa miezi saba, mume namwona siku mbili kwa wiki, na sasa siku hizo mbili tulinong'ona kama wezi ndani ya nyumba yetu wenyewe. Kila gorogoro ambayo ingemtoka Mama ilikuwa inanirudishia chumba changu. Nilikata mafuta ya kupikia kutoka upawa hadi kijiko, na kutoka kijiko hadi kijiko cha chai. Nilijifunza kukaanga kitunguu kwa maji, unatia vijiko viwili, yanakauka, unatia vingine, mpaka kitunguu chenyewe kinakubali kuwa kahawia. Nyama nilichemsha jioni nikaiacha ipoe, na asubuhi mafuta yakiwa yameganda juu niliyabandua na kumpa mbwa wa jirani, ambaye alinenepa mwaka ule kwa niaba yetu sote. Ugali niliupunguza ukawa wa saizi ya ngumi na nikaujaza upande wa pili wa sahani kwa mboga. Lakini mboga ndiyo ilikuwa vita yenyewe.

Kwa Mama, managu, yaani majani ya mnavu, hayapikwi kwa maji. Unayachemsha mpaka uchungu uishe, unamwaga yale maji, kisha unatia maziwa, na juu ya maziwa unatia krimu, unaacha yalale mpaka kesho yake, na kesho unayapasha moto na kutia krimu nyingine. Hivyo ndivyo alivyowalea watoto sita. Mimi nilipokea maziwa kila asubuhi kutoka kwa muuzaji, nikayachemsha, nikayaacha yatulie, kisha nikaengua utando wote kwa kijiko na kuuweka kwenye kikombe cha bluu kwa ajili ya Kiprono Ijumaa. Managu ya Mama niliyapika kwa maziwa hayo yaliyobaki, na nyanya, na kitunguu cha maji. Siku ya kwanza alionja, akaweka sahani magotini. "Wambui, hii mboga iko na shida gani?" Haina shida, Mama. "Imegonjeka kama mimi?" Nilimweleza habari za krimu. Akala yote, polepole, akitazama mlango. Na nilipojaribu kugandisha maziwa yaliyoenguliwa kwenye kibuyu chake ili apate mursik, maziwa ya mgando ya kwao, yasiyo na mafuta, alikunywa funda moja, akafuta mdomo kwa kiganja na kusema kwa upole kwamba anashukuru, lakini kwao maji ya kuoshea kibuyu humwagwa nje.

Jumapili moja ya mwezi wa pili, baada ya kanisa na chakula cha mchana, Mama alikuwa amejilaza upande wake na tulimsikia akikoroma. Kiprono alikuwa akipiga pasi shati lake la Jumatatu. Aliniuliza kama nimechoka. Nikasema, si kwa sauti kubwa lakini pia si kwa kunong'ona, kwa maana nilikuwa nimechoka hata na kunong'ona, "Akifika gunia moja ataenda kwake, na hii nyumba itakuwa yetu tena. Mimi nahesabu." Kiprono alitazama juu, pale ukuta ulipokomea, akaendelea kupiga pasi. Kukoroma kuliendelea vilevile. Nakumbuka nilifurahi kwamba kunaendelea.

Kupima tulipima kwenye mashine ya kusaga, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwenye mizani ya magunia. Hospitalini palikuwa mbali kwa goti lile. Mwenye mashine alikuwa Mzee Ndung'u, mtu wa kwetu, mweupe kichwa hadi viatu kwa unga, na mara ya kwanza alikataa katakata. "Mama wa watu nimpime kama mahindi? Nitaambia nini watu?" Mama ndiye aliyemjibu. Alimwambia mahindi ni kitu cha heshima, yeye amekula na kusomesha watoto kwa mahindi, basi asogeze hayo magunia ampe nafasi. Kutoka mlangoni kwetu hadi kwenye mizani palikuwa na hatua kama mia mbili, na mwanzoni alipumzika mara nne, mkono mmoja kwenye fimbo na mwingine begani kwangu, uzito wake wote ukinishukia. Februari alikuwa amepoteza gorogoro moja. Machi, nyingine. Aprili Mzee Ndung'u alisogeza chuma cha mizani huku na huku, akakuna kichwa, akatangaza kwamba hakuna kilichotoka. Mei, hakuna. Mama alishuka, akaichukua fimbo yake. Nilirudi nyumbani nikapima upya kila kitu, unga, maziwa, hata chumvi, na sikuona kosa langu.

Kosa halikuwa langu, lilikuwa la majirani. Niligundua siku niliyorudi mapema kutoka sokoni nikamkosa Mama barazani, nikamsikia akicheka nyumba ya tatu, kwa Mama Fridah, mwanamke wa huku huku aliyekuwa akiuza mitumba. Alikuwa na kikombe kikubwa cha chai mkononi, chai ya maziwa matupu, ile ambayo haijaonja maji, na sukari ya kusimamisha kijiko. Kumbe kila siku nilipotoka alipita nyumba moja hadi nyingine, na katika kila nyumba alipewa chai, na chai haikataliwi. Huwezi kuingia nyumba ya mtu huku kwetu ukasema hapana kwa chai yake, ni kama kumwambia nyumba yake ina harufu. Nilihesabu vikombe vinne kwa siku. Ningemwambia tu. Ningeketi naye, nikasema Mama, chai hizi ndizo gorogoro zinazokataa kutoka. Badala yake nilimngojea alale mchana, nikaenda nyumba kwa nyumba kuwaomba wale wanawake wampe chai ya rangi, bila maziwa, bila sukari, kwa sababu ya daktari, na wasimwambie kwamba nimesema. Mama Fridah alinitazama sana. "Chai ya rangi nimpe mama mzee, na maziwa iko hapa anaona? Haya. Lakini ni wewe umesema."

Siku ya tatu Mama hakutoka. Wala ya nne. Alikaa kwenye kigoda chake akichambua mboga, jani moja moja, na uso wake ulikuwa umefungwa. Siku ya tano nilimwuliza kama goti linauma. Akasema, "Goti iko sawa. Ni watu. Sijui nimewakosea nini." Akaniambia jinsi alivyopewa chai ya rangi kwa Mama Fridah, akadhani maziwa yameisha. Akaenda kwa mwingine, chai ya rangi, na chupa ya maziwa imesimama mezani. Akaenda kwa wa tatu. "Mimi ni mtu ya ng'ombe," alisema. "Nimenyimwa maziwa na watu watatu. Hiyo ni kuambiwa usirudi." Na huyo mwanamke mkubwa, ambaye sikuwahi kumwona akilia hata alipoteleza bafuni, akajifuta macho kwa pindo la leso. Nilihisi vibaya kiasi kwamba nilikaa chini sakafuni. Nilimwambia yote. Nilitarajia hasira na nilikuwa tayari kuipokea. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu. "Si ungeniambia mimi? Mdomo iko, si ya kula tu." Jioni hiyo alikwenda mwenyewe nyumba zote tatu, na kutoka barazani nilisikia kicheko kikianza nyumba ya kwanza na kuhamia ya pili. Tangu hapo alibeba kikombe chake kidogo, cha mtoto, mfukoni mwa sweta, na kila alipoingia nyumba alikitoa na kusema, "Nipimie kwa hii, nisikatae na nisife." Mwezi wa sita gorogoro zilianza kutoka tena.

Sijui ni wiki gani nilipoacha kuhesabu. Ilikuwa baada ya hapo. Siku za kazi tulikuwa sisi wawili tu, na asubuhi zile zimekaa kwangu kuliko siku ya harusi yangu. Yeye kwenye kigoda, mimi kwenye jiko, mlango wazi, baridi ya Julai ikiingia na mvuke wa sufuria ukitoka. Nilimpikia mukimo wa kwetu, ule wa viazi vya kupondwa na mboga, na nikaupunguza viazi na kuzidisha majani ya malenge na minji, zile njegere, mpaka ukawa wa kijani kama nyasi, bila tone la mafuta. Alikula akasema, "Nyinyi watu ya duka mnajua kuficha umaskini kwa chakula," na akaongeza sahani. Ndiye aliyenifundisha kwamba majani ya saga yanapunguza ukali ukiyachanganya na managu, na kwamba mboga ikipikwa kwenye chungu cha udongo haidai mafuta mengi. Ndiye aliyefikiria kuponda malenge ndani ya unga wa chapati ili ziwe laini bila kupakwa mafuta kila mkunjo. Zile za kwanza ziligandamana, tukazila hivyo hivyo kwa vijiko, tukicheka hadi Mama Fridah akaja kuuliza kuna nini. Alinieleza habari za ng'ombe wake kila mmoja kwa jina na tabia. Mimi nilimweleza mambo ambayo sikuwa nimemwambia hata Kiprono, kwamba nilitaka kuwa nesi na kwamba naogopa giza. Siku moja shangazi yake Kiprono alikuja kutoka Ainabkoi kumjulia hali, na nikiwa nje nafua niliwasikia. "Huyu msichana ya duka," shangazi alisema, "si atakupimia mpaka hewa?" Mama akamjibu, "Ananipima, ndiyo. Sijawahi kupimwa na mtu ambaye anajali ni ngapi." Nilisuuza shati lile lile mara tatu.

Oktoba alifika kwenye mizani bila kupumzika njiani hata mara moja. Mzee Ndung'u alisoma, akasoma tena, akapiga makofi, unga ukaruka kutoka mikononi mwake. Gunia moja na gorogoro moja. Gorogoro moja tu ilikuwa imebaki. Daktari alikuwa amesema kwamba akifikia uzito ule kabla Novemba haijaisha atampasua Desemba, na mguu ungekuwa tayari kwa msimu wa kupanda. Mama alinishika kichwa kwa mikono miwili mbele ya watu wote waliokuwa wamepanga foleni ya kusaga. Nilitabasamu. Usoni nilitabasamu, lakini niliporudi nyumbani niliona kigoda chake, fimbo yake mlangoni, kile kikombe cha mtoto kikikauka juu ya rafu, na nikajua jinsi Jumatatu hadi Ijumaa zitakavyokuwa. Kesho yake asubuhi nilichemsha maziwa, nikayaacha yatulie, nikaengua krimu kwenye kikombe cha bluu. Kisha nikachukua kijiko kimoja kutoka kwenye kikombe na kukitia kwenye managu ya Mama.

Kijiko kimoja, nilijiambia. Wiki iliyofuata vikawa viwili, na kwenye chai yake nikazidisha maziwa, na chapati nikazipaka mafuta kidogo upande wa chini ambao hauonekani. Nilikuwa mtu wa kupima, na nilijua hasa ninachofanya. Sikumwambia mtu yeyote. Novemba mizani haikushuka. Ilipanda. Mzee Ndung'u alilaumu mizani, akaifuta, akajaribu tena na gunia la mahindi aliloliamini. Gunia moja na gorogoro mbili. Mama alishuka, akatazama mizani, kisha akanitazama mimi. Tulirudi. Nilipakua chakula cha mchana, ugali wa wimbi na managu. Alionja mara moja, akaweka sahani magotini kama siku ile ya kwanza.

"Wambui. Hii mboga iko na krimu."

Nilifunika sufuria.

"Nimekula krimu kabla mama yako azaliwe. Wiki ya kwanza nilijua. Nilifikiri utaacha." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Mwezi wa pili ulisema na mdomo yako unataka niende. Nilisikia. Hii ukuta haifiki juu, na mimi nikilala kweli sikoromi. Sikukasirika, wewe ulikuwa msichana na hii nyumba ni ndogo. Sasa kama unataka nikae, si useme pia na mdomo? Usiniambie na sufuria."

Hapo ndipo ningesema. Maneno yenyewe hayakuwa marefu. Yalifika mdomoni, na nikaona aibu, aibu ya msichana aliyesikika akimfukuza mtu na sasa anambembeleza abaki. Nikasema, "Pole, Mama. Nilisahau kuengua." Uongo mtupu, na yeye alijua. Alinisubiri kidogo, kisha akasema, "Sawa." Akala mboga yote, akafuta sahani kwa tonge la mwisho la ugali, na aliponirudishia akasema, "Kesho tupike ile ya maji."

Tulipika ile ya maji Desemba yote. Januari alifika gunia moja kamili, na Mzee Ndung'u alimpa gorogoro moja ya unga kama zawadi. Lakini daktari alikuwa amejaza nafasi zake, na Mama alipasuliwa Februari badala ya Desemba. Kiprono alilaumu hospitali. Jerono alilaumu hospitali. Mama aliwaacha waendelee kulaumu. Mvua zilipokuja alikuwa bado kwenye mikongojo, na mstari wa kwanza wa shamba lile ulipandwa na Jerono, Mama akiwa ameketi kwenye kiti pembeni, viatu miguuni, kwa sababu mguu ulikuwa bado na bandeji. Nilikuwepo. Nilisimama nyuma ya kiti chake na nilimwona akiitazama ardhi ile nyeusi. Mkono wake ulikuja nyuma, ukautafuta wangu, ukaushika. Angeweza kunitaja mbele yao wote wakati huo. Hakunitaja, siku hiyo wala nyingine.

Alirudi kwake, na goti lilipona. Mwaka uliofuata alipanda mstari wake, na mingine mingi baada yake. Mimi nilipata nyumba yangu kama nilivyotaka. Wiki ya kwanza nilipika managu ya watu wawili kila siku, kwa mazoea, nikala mpaka nikachoka. Kigoda nilikiweka chini ya kitanda, kisha nikakitoa tena. Baadaye tulihama, tukapata watoto, Kiprono akahamishiwa shule ya hapa mjini, na maisha yakajaa watu. Tulimtembelea Krismasi na Pasaka, na kila mara alinipa kibuyu cha mursik ya kweli niende nayo. Alizungumza nami habari za kila kitu isipokuwa ile. Sasa wajukuu zake wana simu zinazohesabu kalori. Wanaipiga sahani picha na simu inawaambia. Binti yangu wa mwisho hunipigia kuniuliza mapishi ya chapati za malenge, anasema ni ya kisasa. Namwambia yalibuniwa kwenye kigoda, na yeye hucheka. Lakini nikila managu popote nilipo, kwenye hoteli au harusini, bado ulimi wangu hutafuta kama yana krimu, na nikiikuta nashindwa kumeza tonge la kwanza.

Siku ya kumzika nilifika Ainabkoi mapema. Baridi ilikuwa kali na ukungu ulikuwa bado umelala kwenye shamba la mahindi. Nyuma ya nyumba wanawake walikuwa wameshaanza, sufuria kubwa kuliko zote nilizowahi kuziona ikiwa juu ya mawe, imejaa managu yaliyochemshwa na kukamuliwa. Mlangoni nilipita mwili wake. Miguu ilikuwa wazi kama alivyotaka, na nilitambua kovu la goti. Jerono aliniletea jagi la krimu, zito, la rangi ya manjano, akalishika kwa mikono miwili bila kuliachia mara moja. "Haya, Wambui," alisema. "Wewe ndiye uliitwa. Tia." Wanawake wote waligeuka kutazama huyu wa mjini atafanyaje. Nilimimina. Nilimimina bila kijiko, bila kupima, mpaka jagi likaisha, na mvuke ukanipanda usoni. Jerono akaanza kukoroga kwa mwiko, na hapo, mbele yao wote, nikasema kwa mdomo.

"Nilitaka ukae, Mama."

Mwiko ulisimama. "Umesema nini?" Jerono aliuliza.

Nikajifuta uso, nikamtazama. "Nimesema nilitaka akae."